Za Leo Zisomwe Leo: Maisha ya Dada Yetu, Bi Dodoso

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi seremala. Nimeambiwa nisome kwa utaratibu na nisilie. Hilo la kwanza nitajaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Mama alikuwa akisema huyu alianza kuuliza kabla ya kutambaa. Ukimwambia ameshiba, anataka kujua umejuaje.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, 1971 hadi 1977, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1985 akahitimu uuguzi. Alipangiwa wodi ya vijana. Huko waliletwa watoto waliojaribu kukatisha uhai wao, na wazazi karibu wote walisema neno moja: "Hakuwahi kutuambia." Dada aliwajibu kwa upole, ila bila kupepesa: "Mlimuuliza?" Jambo hilo lilimkaa rohoni hata mwaka 1996, akiwa mama wa watoto wawili, akarudi chuoni kusomea saikolojia.

Mumewe, shemeji yetu, ni mwalimu wa hisabati. Alipomposa, dada alimjibu ndiyo, kisha akamwambia arudi kuuliza tena baada ya wiki mbili, aone kama jibu litakuwa lile lile. Maskini, alikonda! Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990, na tangu hapo mahesabu yote ya utafiti wa dada yalipigwa kwenye meza yao ya kulia chakula.

Kuanzia mwaka 2009 alikuwa na kazi moja: kuhakiki dodoso la maswali ishirini la kupima hatari ya kijana kujiua. Wengine waliliandika, yeye alitaka kujua kama linapima kweli. Katika shule ya kwanza wanafunzi mia na themanini walijaza, karibu wote wakaweka alama kwenye "hapana". Wakubwa wakafurahi, wakataka lichapishwe. Dada akagoma kutia sahihi. Aliketi na kila mwanafunzi peke yake, na kumi na tisa wakamwambia mengine kabisa. Maswali hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye madawati: watoto walikaa wawili wawili, kila mmoja akiona kalamu ya jirani inapotua.

Akanijia karakanani. "Mdogo wangu, nataka vizuizi vya plaiwudi vya kuweka juu ya dawati. Hamsini. Ijumaa."

"Dada, Ijumaa ni kesho kutwa!"

"Sasa mbona bado umekaa?"

Nilimaliza Alhamisi. Nani angemweza yule?

Aliweka na sharti: karatasi zote zisomwe siku ile ile, kabla gari la timu yake halijatoka getini, na mtoto aliyeonyesha hatari azungumze na mtu kabla hajaenda nyumbani. Wakamwambia anachelewesha utafiti. Akasema, "Acha uchelewe. Mtoto hakujaza ili tukafungie kabatini." Wala hakudai dodoso lisilokosea. "Kila kipimo kinakosea," alisema. "Nataka nijue hiki kinamkosa nani."

Mwaka 2013 vizuizi vyangu vilifika shule ya binti yangu, akiwa na miaka kumi na minne. Jioni dada akaja naye nyumbani, akanikalisha. "Mtoto ana jambo. Kazi yako ni kunyamaza mpaka amalize." Mimi baba mtu, niliyekunywa naye chai asubuhi, sikuwa najua lolote. Mwanangu alikuwa anafikiria kutuacha. Alipata matibabu, nasi tukajifunza kumsikiliza. Ameniruhusu nilitaje hili. Ni yule pale mwenye sare ya uuguzi, na anafanya kazi katika timu ya shangazi yake. Ile plaiwudi niliikata nikidhani nawasaidia watoto wa watu.

Dodoso lilikubaliwa mwaka 2019, na kufikia mwaka huu shule mia mbili na kumi zinalitumia, vizuizi na sharti vikiwemo.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Safari alipunguza, maswali hakupunguza. Daktari alipomuuliza maumivu yake ni ngapi kati ya sifuri na kumi, alimwuliza, "Hicho kipimo chenu alikihakiki nani?" Daktari alicheka mpaka akatafuta kiti.

Alhamisi tarehe 6 Juni 2024 timu ilikuwa shuleni. Saa tisa alasiri dada alinishika mkono, akauliza, "Za leo zimesomwa?" Nilimpigia binti yangu, simu yake ilikuwa imezimwa. Alifariki saa kumi kasoro dakika ishirini.

Simu ilipofika shuleni, wenzake walitaka kufunga masanduku waje msibani. Binti yangu akakataa. Alikaa chini na karatasi mia moja na kumi na mbili, machozi yakimtoka, nao wenzake wakakaa naye. Watoto watatu walizungumza na mtu siku ile kabla ya kwenda nyumbani.

Marehemu ameacha mume, wana wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wanne, na binti yangu. Bila dada, leo ningekuwa nasoma wasifu wa pili maishani mwangu, wa kwanza ukiwa wa mwanangu.

Dada, uliondoka kabla sijakujibu. Zimesomwa. Zote, hadi ya mwisho. Sasa pumzika kwa amani.