Ndoo ya Haidrenjia

Saa moja na robo asubuhi, mama mmoja, abiria wa basi dogo la Lukozi, alipakata ndoo ya maua ya haidrenjia, za bluu. Yusta, ambaye zake hazijachanua miaka mitatu, alikaa pembeni yake.

"Shikamoo mama. Unazipeleka wapi?"

"Marahaba. Madhabahuni, kanisani Lushoto. Mwaka huu wameniomba mimi."

Zamani walikuwa wakimwomba Yusta. "Unatia mbolea gani?"

"Samadi tu. Ila sikati matawi ya mwaka jana, ndiyo yanayobeba maua."

Yusta huyakata yote kila Juni, kama chai. "Na mche ulitoa wapi?"

"Vijiti niliviokota, mwanangu. Kuna mtu hukata na kutupa korongoni, chini ya zahanati."

Korongo hilo liko nyuma ya jiko la Yusta.

Walipofika Lushoto, Yusta alimshikia ndoo ashuke. Mama aliiomba mara mbili kabla Yusta hajaiachia.