Mama Albertine Kasonde, Aliyemgawia Mdogo Wake Dawa

Ndugu wa Pweto, majirani wa Hewa Bora, Wakristo wenzetu. Mama tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 17 Machi 2025, alizaliwa Pweto tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa kwanza wa mzee David Kasonde na mama Deborah. Mdogo wake wa pekee, Marie-Thérèse, alifuata miaka mitano baadaye. Ndiye aliyeomba wasifu huu usifiche kitu, na familia imekubali, ingawa imetuuma.

Albertine alisoma kwa masista wa Pweto hadi darasa la sita. Mwaka 1980 mama yao alifariki, na yeye, binti wa miaka kumi na minne, akaacha shule ili amlee mdogo wake. Tangu hapo walikula sahani moja, na ole wake aliyejaribu kuwatenganisha.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa Lubumbashi na Godefroid Chisanga, mfanyakazi wa reli. Mungu aliwapa Ephraïm na Falonne. Godefroid alitutoka mwaka 2015, na Marie-Thérèse akahamia kwa dada yake.

Kwa miaka thelathini Albertine aliuza sokoni samaki wakavu wa kwao. Padri mmoja alipomtania kwamba kanisa zima linanuka samaki, alimjibu: «Mon père, Yesu alichagua bavuvi. Haogopake harufu.» Padri alicheka hadi akasahau kusoma matangazo.

Ugonjwa wa njia ya mkojo uliwasumbua dada wote wawili, ukipoa na kurudi. Kituo cha afya kilikuwa na utafiti: wanawake wengine wapewe antibiotiki moja, wengine mbili kwa pamoja, ionekane njia ipi inaponya vizuri zaidi. Kura ndiyo iliyoamua. Tarehe 3 Machi Albertine aliangukia dawa mbili, Marie-Thérèse moja. Daktari Syntiche aliwaonya wasigawane hata kidonge. Walipofika nyumbani, Albertine alimpa mdogo wake boksi lake la pili.

«Docteur anakuongezea hii. Kunywa tu.»

Marie-Thérèse aliona kwenye boksi namba ya utafiti ya yaya wake, yaani dada yake mkubwa. Alijua. Lakini mkojo ulikuwa unamchoma kama pilipili, akameza, akanyamaza. Siku ya tatu maumivu yalikuwa yamekwisha.

Siku ya sita Albertine alishikwa na homa na maumivu makali ya mgongo, akalazwa. Alipoulizwa, aliapa kwamba amemeza dawa zote mbili. Daktari akaamini zote mbili zimeshindwa, akatafuta ya tatu, nayo haikufanya kitu. Marie-Thérèse alipiga magoti kando ya kitanda.

«Yaya, sema kweli!»

«Nikisema batakufukuza ku utafiti, na weye haujamaliza dawa. Namna gani mi nikunywe mbili, mutoto ya mama yangu anakunywa moya tu? Nyamaza.»

Naye akanyamaza tena, siku tatu nzima. Woga ulimfunga mdomo, na sisi wengine hatukujua lolote, tulikuwa tunasali tu.

Jumatano tarehe 12 Marie-Thérèse alikimbilia kwa daktari, akaanguka miguuni pake.

«Docteur, ile dawa ya pili mi njo nilikunywa! Mupatie yaya, nakuomba, mupatie sasa hivi!»

Albertine alipewa saa ileile, kwa sindano. Kesho yake majibu ya laboratwari yakafika: katika zile zote, ni dawa hiyo tu iliyoweza kuua vidudu vyake. Lakini figo zilikuwa zimekwisha kushindwa. Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mama Albertine alikata roho, akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Hapa kwenye kilio Ephraïm hajamsalimia mama yake mdogo hadi leo asubuhi. Hatumlaumu. Wala hatujui tumlaumu nani, maana marehemu hakufanya ila alichofanya maisha yake yote. Tunawaomba tu: dawa si chakula, msigawane.

Mama Albertine ameacha watoto wawili, Ephraïm na Falonne, wajukuu wanne, na mdogo wake Marie-Thérèse, ambaye daktari alimpima juzi Jumamosi akamkuta amepona kabisa.

Bwana ampokee Albertine, ampumzishe katika amani yake.