Diplome ya Pili ya Séverin

Kwa kona ya kartie Belge Un, pale papa Kasongo wa Maniema anauzishaka kawa ya moto, iko kibao ya kukalia, mbao ya mutumbwi yenye ilipasukaka ku maporomoko. Ile asubui Séverin alikaa pale, enveloppe ku magoti. Alikuwa ametoka Léopoldville na diplome ya finances, masomo ya feza, wa kwanza wa ile kona yote. Bruxelles wamekubali aende kusoma ya pili. Ndege yake ni juma yenye inakuja, ku kiwanja ya Simi-Simi. Ilibakia signature ya chef wa biro ya pasipoti, muzungu, na biro inafungaka saa sita. Chef alimurudishia karatasi bila kuigusa na kalamu: « Kwa mutu mweusi, diplome moja inatosha. »

— Inatosha! Fourchette, jirani wake ku kibao, alitema mate chini.

Jina yake ni Hilaire. Lakini siku komisyo ilikuja kuangalia nyumba yake ili imupe carte ya évolué, ile ya mweusi mwenye anaishi kama muzungu, ilikuta fourchette ine, uma za kulia, na watoto sita. Carte akaikosa, jina ikabakia.

— Mudogo, kosa ni yako. Ulienda na fourchette ngapi?

— Tonton, ni masomo. Haiko chakula.

— Wakubwa walisema: mukono mutupu haulambwi. Njo sababu wazungu walifanya fourchette!

Akafungua kitambaa juu ya kibao. Zilikuwa fourchette saba, zinangaa.

— Rudia kule, uziweke ku meza yake.

— Achana na vyombo vyako, alisema Télégraphe, mwenye kupeleka barua za posta. Diplome ya kwanza inakufundisha kuhesabu mbongo, feza. Ya pili inakuonyesha nyumba kwenye mbongo inalala. Njo kwenye iko utamu!

— Na ufunguo? Séverin aliuliza.

— Wanakumezesha, kule Bruxelles.

— Alors, njo sababu batu ya finances wako na matumbo, alisema papa Kasongo, anamimina kawa. Séverin, mwanangu, kamata kazi ya commis, ya karani. Haraka haina baraka.

— Papa, miaka kumi na mbili niko ku masomo. Haraka ni gani? Kazi ya commis sitaki. Karatasi hii sitaitupa.

Mama moja alitua kitunga ya samaki ili apumzike. Odile, wa batu ya maporomoko, wavuvi. Hajakaaka pale hata siku moja. Alisikiliza, akapangusa shingo.

— Pole, ba papa. Ule chef mwenye anakataza, yeye iko na diplome ngapi?

Séverin alikumbuka ukuta ya biro: picha ya mufalme, kalendari, pembe za nyati. Basi, diplome hapana.

Akasimama. Saa tano na nusu.

— Unaenda wapi? Kawa yako! aliita papa Kasongo.

— Kumuuliza.

— Donc kamata hata moja! alisema Fourchette.

Séverin akakamata fourchette moja, akaichomeka ku mufuko ya kifua, pale batu ya biro wanawekaka kalamu.