Watu Sita Nyuma ya Mama Madeleine

Mwaka ule vyama vilikuwa vingi kuliko maduka. Nilikuwa nauza kahawa mbele ya nyumba yetu, mtaani Shituru, na wateja wangu wa benchi walikuwa wawili: Voltage, fundi umeme aliyefanya kazi kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha mpaka mishahara ilipokatika, na Protocole, aliyevaa tai hata akienda kuchota maji. Siku moja kabla ya mazungumzo haya, chama chetu kilikuwa kimechagua mjumbe wa kwenda Lubumbashi, kwenye mkutano wa kumteua mgombea wa urais. Karatasi za kura hazikuwepo. Kila mtu alisimama nyuma ya mjumbe anayemtaka, na wajumbe walikatazwa kugeuka, ili pasiwe na mtu wa kuogopa macho yao. Nyuma ya Carlos, mwenye depo ya pombe, walihesabiwa mia moja na arobaini. Nyuma ya Mama Madeleine, mkunga wetu, sita.

— Ni kivuli, akasema Voltage. Carlos alisimama fasi ya baridi, Mama Madeleine mu jua. Batu banafwata kivuli.

— Wapi! Ni Bazungu, akasema Protocole. Banataka shaba yetu, banaogopa mukunga.

— Mukunga wa Shituru? Balimujulia wapi?

— Weye cheka tu. Biko na satelite.

— Basi minye nakuambia: Carlos alimwanga dawa pa udongo. Ukikanyanga, miguu inaenda yenyewe.

— Vraiment, kweli?

— Yangu ilienda!

Protocole akakitazama kikombe chake.

— Yangu pia, akasema. Balisema kule mwisho wa mustari Carlos atagawa bunga.

— Ulipata?

— Shi uliniona nikirudia na mufuko tupu?

Hakuna aliyecheka. Nami nilikuwa katika mstari uleule wa Carlos, hatua tatu nyuma yao, nikingoja unga uleule, mwanangu Orpha mgongoni. Mama Madeleine ndiye aliyenizalisha Orpha kwa mwanga wa mshumaa. Kule Lubumbashi alitaka jambo moja tu: kumuuliza kila anayetaka urais, wanawake watazaa gizani mpaka lini. Sasa safari ilikuwa ya Carlos, na Carlos hakuwa na swali lolote.

Mara Mama Madeleine mwenyewe akafika, akaketi katikati yao.

— Jambo yenu, batoto.

— Jambo, mama.

— Balitukataza kugeuka, sikuona hata muntu. Lakini nataka kusema aksanti kwa bale sita. Mama Orpha, weye njo wa kwanza, najua.

Nikaitikia kwa kichwa.

— Na bale batano bengine, ni banani?

Voltage akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Protocole akakaza tai mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Ilikuwa zamu yangu kumwambia kwamba waliobaki kutafutwa ni sita, si watano. Nikammiminia kahawa, naye akanishukuru mara ya pili.