Alama za Penseli Ukutani

Wewe uliyegeukia dirishani ndani ya basi la kwenda mlimani, ulisikia kila neno. Baba mmoja wa Dallas, kakumbatia mbao za familia nzima za kutelezea theluji, alimchangamkia Marcy, mpishi wa mkahawa wa kule juu: "Dada, nyumba tuliyopanga tamu! Ukutani kuna hata alama za penseli za urefu wa watoto."

"Watoto wangu hao, kaka. Mwenye nyumba alitutoa ili nyinyi mje mteleze."

"Lo! Sasa mnalala wapi?"

"Garini, pale maegeshoni. Jana wanao walitupiga mabonge ya theluji. Wana shabaha, hongera."

Baba akajifanya anakaza buti. Basi likasimama.

Leo baraza la mji linapiga kura kutufukuza sisi tunaolala magarini hata pale maegeshoni. Basi hili hili linapita mbele ya ukumbi wa baraza. Usishuke hapa; twende ukatusemee.