Nesi Anikute Sijameza Dawa

Noreen, Curtis, sogeeni karibu, sauti yangu haivuki tena hata meza hii. Nesi atafika saa nne kunipima kwa fomu yake ileile: navaa mwenyewe, nakata nyama mwenyewe, nageuka kitandani mwenyewe. Kabla hajafika nisikilizeni, wanangu, maana sijui kesho nitakuwa na sauti gani.

Nyumba ni ya mama yenu maisha yake yote. Ng'ombe ni wa Curtis, kwa kuwa ndiye anayewakamua. Hayo yameandikwa, msigombane. Ambalo halijaandikwa ni hili: miaka mitatu nimewadanganya watu wa kliniki. Sisi Walutheri wa Wisconsin tukiulizwa hali tunajibu "si mbaya," hata ghala likiwa limetuangukia. Lakini mimi nilizidi. Nilikuwa nikimeza kidonge cha huu ugonjwa wa kutetemeka saa moja kabla ya kupimwa ili mikono itulie na miguu isikakamae, na mama yenu Verna alikuwa ameshanifunga vifungo vya shati nyumbani. Daktari akiuliza, "Unavaa mwenyewe, mzee?" namjibu, "Tangu nina miaka minne." Anacheka, ananiandikia kuwa najitegemea kwa asilimia tisini. Niliogopa wataninyang'anya trekta, kisha wanipeleke nyumba ya wazee. Kwa asilimia hizo, nani angetuletea msaidizi?

Noreen, wewe uliniumbua mbele ya daktari: "Baba, acha hizo. Mama anakukatia hata nyama." Nikakufukuza, nikakaa miaka miwili bila kukupigia simu. Ulisema kweli, nisamehe. Mwezi uliopita mama yenu alivunjika pingili ya mgongo akininyanyua bafuni, na pale sakafuni bado aliniuliza mimi kama nimeumia. Naona aibu, wanangu.

Basi fanyeni hivi. Kidonge cha asubuhi msinipe mpaka nesi amalize. Shati liacheni wazi. Curtis, nikiganda mlangoni, miguu ikikataa kusonga, usinishike mkono, hata ukiona vibaya. Fomu aijibu Noreen, na nikibisha msinisikilize. Wakisema niende nyumba ya wazee, nitakwenda.

Mungu awa... ngojeni nipumue. Mungu awatunze, mpendane. Hilo gari limeingia uani. Noreen, mkimbilie mama yako, anataka kuinuka kuja kunifunga shati. Mwambie... mwambie leo akae.