Namba ya Nje Haipokelewi

Benchi letu liko kati ya kinyozi na kibanda cha fundi saa, na lina sheria moja iliyoandikwa kwa chaki ukutani: namba ya nje haipokelewi. Aliiandika kinyozi, ambaye tangu hapo tunamwita Sheria, baada ya tapeli wa mbali kumlaghai mteja wake kwa simu. Asubuhi ya kisa hiki sheria ilikuwa imetiiwa mara mbili. Fundi Saa, ambaye binti yake huko ng'ambo alikuwa amelazwa kujifungua mtoto wa kwanza, alikata simu mbili za namba asiyoijua, kisha akaendelea kusubiri simu ya binti yake.

— Tangu jana hajapiga, alisema Fundi Saa, akiigeuza simu kiganjani.

— Atapiga, alisema Mama Birika, muuza kahawa wetu. Mimi wa kwanza alinichukua siku mbili.

— Na hawa matapeli hawakuachi upumue, alisema Sheria. Namba za nje wanajichagulia tu, kama kofia sokoni.

— Wapi wewe, alidakia seremala, tunayemwita Futi. Zile tarakimu za mwanzo ziligawanywa. Nchi zote zilikaa meza moja. Meza ya mita mia, maana kila nchi lazima iweke viwiko. Waliowahi wakapata namba fupi, waliochelewa wakapewa ndefu.

— Basi sisi tulichelewa, alisema Mama Birika.

— Tulikuwa tunamsubiri Sheria amalize kunyoa.

Sheria hakucheka.

— Hakuna meza. Yuko mtu mmoja kwenye setilaiti, ana filimbi kama trafiki. Simu hii ipite, ile isimame.

— Analala saa ngapi? aliuliza Futi.

— Wako wawili. Wanapokezana.

Dada mmoja wa posta, mgeni mtaani, alikuwa ametua mkoba wake wa barua na kuagiza kahawa.

— Filimbi haipo, kaka yangu, alisema kwa upole. Ila meza ipo. Nchi zina umoja wao wa mambo ya simu. Wanakubaliana namba ipi ya nani, mawimbi yapi yatumike wapi, setilaiti ikae upande gani. Hata nchi zisizosalimiana.

— Hazisalimiani, na namba zinagawana? aliuliza Sheria.

— Wanagawana. La sivyo, simu ya kwako ingelia kwa mwingine.

Fundi Saa alishusha kikombe.

— Kwa hiyo tarakimu za mwanzo zinaonyesha nchi?

— Mara nyingi. Matapeli huziigiza, lakini si kila anayepiga ni tapeli.

Fundi akatafuta namba ya binti yake, kisha akaitazama ile aliyoikata mara mbili. Tarakimu tatu za mwanzo zilifanana. Sote tuliziona, maana sote tulikuwa tumeinamia simu ile.

— Fundi, alisema Sheria taratibu, nipige kofi.

— Baadaye.

Akaipigia ile namba. Ikaita mara nne, akapokea nesi, kisha ikaja sauti tuliyoijua tangu akiwa anavaa sare za shule.

— Baba, simu yangu imeharibika, nimeazima ya nesi. Mbona unanikatia? Sisi wazima. Msikilize mjukuu wako.

Kilio kikatoka kwenye kile kispika kidogo, kikali, kisafi, kama mtoto yuko ndani ya kibanda. Tukasimama bila kuambizana. Fundi Saa alisema ahsante, akasema tena ahsante, hatujui kwa nani, mpaka laini ikakatika.

— Mungu awabariki waliokaa kwenye ile meza, alisema Mama Birika.

— Na waliochelewa pia, alisema Futi.

Sheria alikuwa anafuta ukuta kwa taulo la kunyolea.

— Hongera, babu, alisema dada wa posta. Ni wa kike au wa kiume?

Fundi Saa akamtazama Mama Birika. Mama Birika akamtazama Futi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza.

— Amelia vizuri, alisema Fundi Saa hatimaye, akifuta macho. Amelia vizuri sana.